Guta la Bakari linakunywa maji

Kikundi: FAMILIA YA MAKORORA

Jumanne

Bakari: Assalam alaikum. Shikamooni wakubwa wote.

Bibi Mwanaisha: Waalaikum salaam baba. Marahaba. Umeamkaje?

Bakari: Salama bibi. Mjomba Hatibu upo hewani? Guta langu la mizigo la matairi matatu linakunywa maji. Jana asubuhi nimejaza rejeta mpaka shingoni, nikaenda Muheza kuchukua machungwa. Kurudi, limepungua karibu nusu lita. Juzi hivyo hivyo. Na chini hakuna hata tone. Nimetandika boksi chini ya injini usiku kucha, limeamka kavu.

Bakari: Fundi wa hapa kijiweni kalitazama tu akasema gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na silinda, imekufa, injini ifunguliwe. Anataka 180,000 na siku mbili za kazi.

Rama: Hiyo gasketi kaka. Maji yasipoonekana chini ujue yanaunguzwa ndani.

Rama: Au jaribu manjano kwanza. Vijiko viwili ndani ya rejeta, linaziba. Madereva wa malori wanafanya sana.

Ma'mdogo Zuhura: Manjano haya haya ya jikoni?

Rama: Haya haya ma'mdogo.

Mjomba Hatibu: Waalaikum salaam. Nilikuwa kwenye swala. Bakari, usimpe mtu hela ya kufungua hedi leo, na manjano yabaki jikoni. Unga ule hauchagui, unaganda popote penye upenyo mwembamba, na ndani ya rejeta mirija yote ni myembamba. Utaziba tundu moja bovu na njia kumi nzima, halafu injini ichemke ukiwa na mzigo wa watu barabarani.

Mjomba Hatibu: Maji ya injini yana njia tatu za kupotelea. Yatoke nje, yaingie kwenye oili, au yaingie kwenye chumba cha moto yapitie ekzosi. Kila njia ina alama zake. Hedi inafunguliwa alama zikishasema, kwa sababu ukiifungua tu, gasketi hata kama ilikuwa nzima umeshaimaliza, lazima ununue nyingine. Na hedi ya aluminiamu ikikazwa bila mpangilio inapinda. Hapo ndipo unapata ugonjwa ambao hukuwa nao.

Bakari: Naam mjomba. Nianzie wapi?

Mjomba Hatibu: Limepoa?

Bakari: Limelala toka jana saa mbili usiku.

Mjomba Hatibu: Vizuri. Kwanza chomoa kijiti cha oili. Oili iliyoingiwa na maji inageuka rangi ya maziwa na inakuwa nzito. Usidanganyike na povu dogo chini ya kifuniko cha kujazia, lile linaweza kuwa jasho tu la injini inayokwenda safari fupi fupi. Tazama kijiti. Kisha fungua plagi, nipigie picha.

Ma'mdogo Zuhura: Na mfuniko wa rejeta usiguswe injini ikiwa ya moto, Bakari nakuomba. Wodini nimepokea watu waliobabuka uso na kifua kwa mfuniko huo. Maji yale hayamwagiki, yanaruka.

Mjomba Hatibu: Sikiliza maneno ya ma'mdogo wako. Mle ndani maji yamebanwa. Maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini mfuniko wenye presha ya bar 1.1 unayazuia mpaka yapite nyuzi 120 kidogo. Ukifungua ghafla presha inaondoka, na sehemu ya maji inageuka mvuke ghafla, inayarusha usoni kwako.

Bakari: [picha] Oili hii. Nyeusi kidogo lakini haina maziwa.

Bakari: [picha] Plagi hii.

Mjomba Hatibu: Oili safi. Plagi ina rangi ya kahawia, kavu, ndivyo inavyotakiwa. Maji yangekuwa yanaingia ndani, ungeikuta imeoshwa inang'aa, au ina ukungu mweupe. Irudishe.

Mjomba Hatibu: Sasa, bado limepoa, fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, washa. Simama pembeni usiinamie. Tazama kama kuna mapovu yanapanda mfululizo. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki ndani, hayo yanakwisha. Gasketi iliyotoboka inasukuma moshi wa silinda kwenye maji, mapovu hayakomi, na ukipandisha moto ndiyo yanazidi.

Rama: Na moshi mweupe mjomba?

Mjomba Hatibu: Nao. Lakini asubuhi kila ekzosi inatoa mvuke kidogo, ule unapotea. Wa kuogopa ni ule unaobaki hata injini ikishapata moto, na una harufu tamu tamu ya kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini.

Bakari: Mapovu matatu manne, yamekwisha. Maji yametulia, yanazunguka tu. Moshi hakuna.

Mjomba Hatibu: Zima. Funga mfuniko, washa tena, dakika moja mbili za mwanzo binya mpira wa juu wa rejeta.

Bakari: Unabonyea. Laini kabisa.

Mjomba Hatibu: Basi hedi yako iache. Ingekuwa gasketi, mpira ule ungekuwa mgumu kabla hata maji hayajapata moto, maana presha ya silinda haisubiri joto. Oili safi, plagi kavu, mapovu hakuna, mpira laini. Vitu vinne vinakwambia kitu kimoja. Maji yanatoka nje.

Rama: Lakini boksi lilikuwa kavu mjomba.

Mjomba Hatibu: Boksi la usiku halina ushahidi Rama. Usiku injini imepoa, presha hakuna, pampu haizunguki. Ipo mivujo inayotoka kwenye baridi tu, mpira ukilegea kwenye klipu. Ipo inayotoka kwenye moto tu. Na tone likidondokea injini ya moto halifiki chini, linakaukia pale pale. Upepo wa njiani unamaliza kazi.

Kassim: Samahani nadandia. Boxer yangu nayo inachemka, na mimi nijaze maji wapi?

Mjomba Hatibu: Boxer yako haina rejeta mwanangu, inapozwa na upepo. Tazama yale mapezi ya silinda. Yakijaa tope na mafuta joto halina pa kutokea. Safisha injini ikiwa imepoa, angalia kiwango cha oili. Ikiendelea nipigie pembeni, tusimchanganye Bakari.

Kassim: Shukran mjomba.

Bakari: Mjomba nina mzigo wa barafu wa kupeleka soko la samaki la Deep Sea saa nne. Niende?

Mjomba Hatibu: Nenda, ni karibu. Macho kwenye geji ya joto. Kabla hujaondoka tia alama ya kalamu kwenye kidumu cha akiba, maji yalipo sasa. Ukirudi usizime. Liache linaunguruma, sukuma boksi jipya chini ya injini, chukua tochi. Fuata mpira mmoja mmoja, kila klipu, mapezi ya rejeta, mwisho ukague chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji. Unatafuta unyevu, lakini zaidi unatafuta ukoko. Kulanti ikikauka inaacha rangi yake.

Bibi Mwanaisha: Mungu akutangulie.

Bakari: Amin bibi.

Bakari: Nimerudi. Kidumu kwanza: maji yamepanda juu ya alama kama upana wa kidole.

Mjomba Hatibu: Hiyo ni kawaida, maji ya moto yanatanuka yanakwenda kwenye kidumu. Likipoa yarudi kwenye alama. Yasiporudi, mfuniko wa rejeta haunyonyi, au kale kampira kembamba kanakokwenda kwenye kidumu kametoboka kananyonya hewa. Mfuniko una vali mbili, moja ya kutoa presha na moja ya kurudisha maji. Watu wanaitazama ya kwanza tu.

Bakari: [picha] Mjomba ona hii!

Bakari: Chini ya pampu kuna kitundu, upana wa njiti ya kiberiti haufiki. Mdomo wake una ukoko wa kijani uliopauka, umeshuka mstari mpaka kwenye bolti ya kumwagia oili. Nimeufuta kwa kitambaa, nikapandisha moto kidogo. Tone likatoka, likaning'inia, likadondoka. Kisha la pili. Boksi lina madoa mawili.

Mjomba Hatibu: Alhamdulillah. Umempata mwizi.

Rama: Sasa si kuziba tu hicho kitundu na gundi ya chuma? Dakika tano.

Mjomba Hatibu: La! Rama, hicho kitundu kimewekwa makusudi na waliotengeneza injini. Shafti ya pampu ina sili mbili. Ya upande huu inazuia maji, ya upande ule inazuia oili, na katikati yao kuna nafasi. Kitundu kinatoka kwenye nafasi hiyo. Sili ya maji ikichoka, maji yanatokea pale uyaone. Ikichoka ya oili, inatokea oili. Ukiziba, maji hayana pa kwenda ila kusukuma sili ya pili yaingie kwenye oili. Hapo injini inasagika kweli, beringi za krenki hazivumilii maji.

Rama: Nimekuelewa mjomba. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Mjomba Hatibu: Wengi hawaambiwi. Ndiyo maana nasema kwa kirefu.

Bakari: Kwa hiyo dawa ni sili ya maji peke yake?

Mjomba Hatibu: Badilisha zote mbili, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Ukishatoa kava, shika ile pangaboi ndogo ya pampu uitikise. Ikicheza, beringi imelegea, na sili mpya haitadumu. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa, ukihisi mfereji badilisha na shafti. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi, usitaje jina la guta tu, hizi injini za cc 200 zinafanana kwa macho na pampu zake haziingiliani.

Mjomba Hatibu: Sili mpya ina nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na moja ya kauri. Usiziguse kwa vidole vya mafuta. Uisukume kwa soketi inayolingana na ukingo wake wa nje, taratibu, iingie sawa pande zote. Ikipigwa nyundo upande inapasuka, na utavuja siku ile ile.

Jumatano

Bakari: Tumefungua, nipo na kijana mwenzangu hapa uani. Maji yaliyotoka yana rangi ya kutu mjomba. Aliyeniuzia alikuwa anaongezea ya kisima juu ya kulanti.

Mjomba Hatibu: Ndiyo yaliyoila sili. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi. Chumvi ikikaa kwenye chuma cha moto inagandamana, vipande vinamenyuka vinapita kati ya zile nyuso za sili kila pampu inapozunguka. Suuza na maji safi mpaka yatoke meupe. Ukijaza, nusu kulanti nusu maji yasiyo na chumvi (distilled), yale ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi.

Ma'mdogo Zuhura: Maji mliyomwaga yako wapi?

Bakari: Kwenye beseni, ma'mdogo.

Ma'mdogo Zuhura: Yatoe kwenye beseni sasa hivi. Kulanti ni tamu, wanyama wa nyumbani wanainywa, na mtoto akionja anaongeza. Inaua figo. Tieni kwenye dumu lenye kifuniko, andikeni SUMU, liwekwe juu. Na hilo beseni lisirudi jikoni tena.

Bakari: Nimeyahamisha. Dumu liko juu ya paa la banda. Beseni nimelipa kazi ya karakana.

Ma'mdogo Zuhura: Ahsante mwanangu.

Bakari: Pangaboi haichezi, shafti laini. Sili zimekaa. Nimejaza, nimewasha, mfuniko wazi.

Mjomba Hatibu: Liinue mbele kidogo hewa itoke. Mapovu yakikoma ongeza, funga. Leo jioni na kesho asubuhi utakuta limepungua kidogo, hiyo ni hewa inayotoka, ongeza usiogope. Kinachokuhusu ni kitakachopungua baada ya hapo.

Ijumaa

Bakari: Mjomba, Muheza jana na leo, mzigo mzima wa machungwa. Jana asubuhi niliongeza kama kikombe. Leo sijaongeza kitu, na maji yako kwenye alama likiwa limepoa. Kitundu kikavu, nimepitisha kidole.

Mjomba Hatibu: Mashaallah. Kaza klipu zote mara moja tena, mpira uliofunguliwa ukarudishwa, ukishapata moto unalegea. Na kijiti cha oili ukitazame kila asubuhi mpaka Jumatatu.

Bakari: Nitafanya hivyo. Fundi wa kijiweni kaniuliza gasketi niliipata wapi. Nimemwonyesha kitundu, kaomba nimtumie maelezo yako.

Mjomba Hatibu: Mtumie yote. Mpe na namba yangu.