Nipo fildi ya tiba kazi, msimamizi hana nafasi ya kukaa nami: nibaki au niombe kuhamishwa?

NyotaNjema aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mliosoma tiba kazi (OT), yaani tiba ya kumsaidia mgonjwa amudu tena shughuli zake za kila siku, au mnaosimamia wanafunzi hospitalini.

Niko mwaka wa mwisho, nipo fildi (mafunzo kwa vitendo) kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Idara ina mtaalamu mmoja tu wa tiba kazi na ndiye msimamizi wangu. Ni mtu mwema, kazi anaijua, wagonjwa wanampenda. Shida ni kwamba kliniki ya watoto ni yake, wodi zote ni zake, vikao ni vyake, na huduma mkoba za wilayani anatumwa yeye. Asubuhi ananikabidhi majina, ananiambia "anza na hawa, nakuja", halafu tunaonana saa tisa alasiri anapofunga ofisi.

Wagonjwa wa kiharusi nawamudu. Kumkalisha mtu ukingoni mwa kitanda, kumfundisha kuvaa shati kwa kuanza na mkono uliolegea, kula kwa mkono mmoja, hayo niliyafanya fildi iliyopita nikiwa na mtu pembeni. Yanayonitia hofu ni mawili. Wodi ya majeraha ya moto nimeambiwa nimtengenezee mtoto aliyeungua mkono splinti, kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono katika mkao sahihi, na splinti nilizowahi kutengeneza ni za darasani, kwenye mkono mzima wa mwanafunzi mwenzangu. La pili ni watoto wenye mtindio wa ubongo wanaopaliwa wakilishwa. Mama ananiita daktari, ananipa kijiko, anasubiri nimwonyeshe.

Nimempigia mratibu wa fildi chuoni, akasema nivumilie. Tathmini ya katikati imekaribia na fomu inataka msimamizi anipime namna ninavyofikiri ninapomhudumia mgonjwa. Hajawahi kuniona na mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu yuko hospitali yenye wataalamu kadhaa, ananisihi nihamie kwao. Nihame? Na nikibaki, nimwambieje msimamizi bila kuonekana nimemvunjia heshima?

MkongweWaWodi alijibu:

Mdogo wangu, pole, ila kaza. Hospitali nyingi za mkoa ndivyo zilivyo. Ukiajiriwa kesho utapelekwa mahali ambapo hakuna OT mwingine, na mganga mfawidhi atakuuliza wewe. Sisi tulijifunza hivyohivyo, tukaiva. Ukihama utaenda kugombania wagonjwa na wanafunzi wenzako, utabaki kushika mafaili. Baki hapo.

FundiSplinti alijibu:

Mkongwe, naheshimu uzoefu wako, na kuhusu kugombania wagonjwa uko sahihi. Lakini hilo la kujifunza peke yake silikubali hata kidogo. Mtaalamu aliyeajiriwa amefuzu na anawajibika kwa jina lake. Mwanafunzi anafanya kazi chini ya dhamana ya msimamizi. Mtoto akipata kidonda cha splinti, au chakula kikiingia kifuani, mwenye kujibu ni msimamizi ambaye hakuwepo, na mwenye kuumia ni mtoto.

NyotaNjema mdogo wangu, mimi nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi. Nianze na splinti maana ndiyo ya haraka.

Usiitengeneze peke yako. Mtoto aliyeungua upande wa nyuma wa mkono, kwa kawaida tunamweka hivi: kifundo cha mkono kimeinuka nyuzi 20 hadi 30, maungio ya konzi (pale vidole vinapoanzia) yamekunjwa nyuzi 70 hadi 90, vidole vyenyewe vimenyooka, dole gumba limetengwa mbali na kiganja. Akiwa ameungua kiganjani mkao unageuka, mkono unafunguliwa wote unyooke, kwa sababu kovu linavuta kuelekea upande wa jeraha. Ukikosea upande, umemsaidia kovu kuukunja mkono. Unaona kwa nini nasema mtu akae nawe mara ya kwanza? Kuna bandeji, kuna uvimbe, kuna maumivu, mtoto analia, na mkono wake haufanani hata kidogo na ule mliofanyia mazoezi darasani. Tena hospitali nyingi hazina plastiki ile ya kulainishwa kwa maji ya moto, mnatumia plasta ya POP (ile ya kufungia mifupa iliyovunjika), ambayo ina ujuzi wake. Na hata ikishakaa vizuri, iondoe baada ya muda mfupi uangalie ngozi. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 20 hivi maana yake splinti inabana, irekebishwe. Muuguzi wa zamu aelezwe hivyo hivyo, na mama pia.

Sasa kuhusu kusema na msimamizi. Usiende na lalamiko la "huna muda nami". Anajua hana muda, na inamuuma kuliko unavyodhani. Nenda na karatasi moja. Upande mmoja andika kazi unazoweza kufanya akiwa popote ndani ya hospitali. Upande wa pili andika zile ambazo hutagusa mpaka awepo chumbani: splinti ya kwanza, kumlisha mtoto anayepaliwa, kumhamisha kwa mara ya kwanza mgonjwa mzito kutoka kitandani kwenda kiti mwendo, kutathmini mgonjwa wa akili ambaye bado hajatulia. Mwambie, "Kaka, naomba tukubaliane mipaka hii, na unirekebishe pale nilipokosea." Hapo humwombi fadhila. Unamlinda yeye pia.

Halafu omba mambo mawili tu. Saa moja kila wiki, siku ileile, mlango umefungwa. Na mgonjwa mmoja kila wiki ambaye atakaa kimya akutazame tangu salamu mpaka unapoandika faili. Mmoja tu! Msimamizi aliyebanwa anakataa akiombwa awepo siku nzima, lakini dakika 40 za mgonjwa mmoja anazipata. Katika ile saa ya wiki usimsomee orodha ya wagonjwa. Chagua mmoja, mweleze uliona nini, ulichagua shughuli gani na kwa nini hiyo na si nyingine. Mathalani, mzee wa kiharusi alikuwa fundi baiskeli, wewe ukampa kupanga vikombe. Kwa nini vikombe? Ndipo kufikiri kwako kutaonekana, na fomu ya tathmini atakuwa na cha kujaza.

Kuhama nakuambia hivi: wingi wa wataalamu si hoja. Nimeona idara yenye wataalamu wengi ambapo mwanafunzi anarushwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na mwisho wa fildi hakuna hata mmoja anayemfahamu. Mjaribu huyu wako kwanza. Akikataa mipaka hiyo, hapo hama bila kuona haya.

MamaWaPacha alijibu:

Mimi si mtaalamu. Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo na nimepita kwenye mikono ya wanafunzi wengi. Mwanangu, niseme kwa upande wetu.

Tunapokuita daktari usikae kimya. Sema, "Mama, mimi ni mwanafunzi, msimamizi wangu ni fulani." Hatukudharau. Tunataka kujua tumwulize nani. Aliyeniumiza moyo ni aliyenionyesha namna ya kulisha kwa kujiamini kabisa, nikafanya hivyo nyumbani wiki nzima, niliporudi mwingine akaniambia niache, namlaza mno kichwa kwa nyuma. Mwanangu alikuwa anakohoa kila mlo na mimi nadhani ndiyo tiba. Mwanafunzi niliyempenda alisema, "Hili sina uhakika nalo, tumsubiri mkubwa wangu." Tulisubiri, na mkubwa alipofika alimwelekeza palepale mbele yangu. Nikajifunza na mimi.

FundiSplinti alijibu:

Mama asante sana. Nyota, shika hilo la mama. Mtoto anayepaliwa, mambo ya mkao unaweza kumwelekeza mama sasa hivi, kwa sababu hayo umefundishwa na hayana hatari: akae wima, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kichwa kisianguke nyuma, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kije kutokea mbele usawa wa mdomo na si kutokea juu. Kubadili uzito wa uji au aina ya chakula, au kutia mkono tayani, hapana, mpaka msimamizi aone. Na ukisikia kikohozi kila mlo, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, au mama anakuambia mtoto anaugua kifua mara kwa mara, taarifa hiyo ifike siku hiyohiyo kwa msimamizi na kwa daktari wa watoto.

OTNairobi alijibu:

Hujambo dada. Mimi nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, pale Nairobi. Kwetu kuna sheria ya mwaka 2017 inayohusu mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa tiba kazi, kwa hivyo suala la nani anamsimamia mwanafunzi hatulichukulii kwa mzaha.

Nyongeza yangu ni kuhusu maandishi. Kila ulichoandika kwenye faili la mgonjwa kiwe na neno "mwanafunzi" pembeni ya jina lako, na msimamizi atie sahihi baada ya kusoma. Akitia sahihi kurasa zote Ijumaa jioni bila kusoma, hujasimamiwa. Nilipokuwa kwenye zamu yangu ya afya ya akili, msimamizi wangu alikuwa na kalamu nyekundu, kila siku ananirudishia kurasa. Nilichukia wiki za mwanzo. Lakini aliniuliza swali moja ambalo bado najiuliza kila nikiandika: "Umesema mgonjwa alishiriki vizuri kwenye kikundi cha bustani. Vizuri ni nini?" Nikajifunza kuandika kwamba alikaa dakika 25, alimwagilia safu mbili bila kukumbushwa, aliongea na jirani yake mara moja.

MbaliNaNyumbani alijibu:

Niko Uingereza, nimesoma OT huku. Pengine hili litamsaidia mratibu wako wa chuo.

Shirikisho la dunia la wataalamu wa tiba kazi, WFOT, linataka kila mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu, nchi yoyote. Na saa hizo ni za kutekeleza hatua za tiba kazi na watu halisi. Kupanga mafaili na kusindikiza wagonjwa hakuhesabiki. Kwa hiyo ukiandika kwenye daftari lako saa nane za kila siku bila kueleza nani alikuona na ulifanya nini, chuo ndicho kina tatizo. Mratibu hawezi kukuambia uvumilie tu, msaidie alione hilo kwa maandishi. Barua pepe fupi, yenye tarehe na mambo uliyoachiwa peke yako, bila kumtuhumu mtu.

Pili, huku wapo wanafunzi wanaopelekwa sehemu ambazo hazina OT kabisa, kama vile makazi ya wasio na nyumba au shule. Hawaachwi. Kuna mtu wa palepale wa kuwaangalia kila siku, si lazima awe OT, na kuna OT wa nje anayekutana nao kila wiki kwa saa maalumu, ndiye anayewapima. Hospitali yenu ina mtu wa fiziotherapia? Msimamizi akiwa wilayani, huyo awe macho yako ya kila siku kwenye mambo ya usalama, na msimamizi abaki na yale ya tiba kazi yenyewe kwa simu jioni. Chuo kiandike hivyo kwenye makubaliano, isiwe hisani ya mtu.

MkongweWaWodi alijibu:

Hili la fiziotherapia nalikubali, na kwa splinti na kulisha narudi nyuma, FundiSplinti ana hoja. Ila bado nasema asihame. Kufanya kazi mahali palipobanwa ni ujuzi, na hautaupata kwingine.

NyotaNjema aliandika:

Wakuu, asanteni sana, mmenipa nguvu. Nimeongea naye. Nilipeleka ile karatasi, akaisoma, akachukua kalamu akahamisha mambo mawili kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili ambayo mimi nilidhani nayaweza. Splinti tumetengeneza pamoja, kwa POP, yeye ameshika mkono wa mtoto mimi nikafinyanga, halafu tukarudi jioni kuangalia ngozi. Saa yetu ni Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Dada wa fiziotherapia amekubali kuwa karibu siku za huduma mkoba. Mratibu nimemwandikia, amejibu kwamba atakuja kututembelea kabla ya tathmini. Sihami.

Limebaki swali moja. Wiki ijayo msimamizi anasafiri siku kadhaa mfululizo. Faili nisizotiwa sahihi nifanyeje, na mtoto mpya wa kulisha akija?

FundiSplinti alijibu:

Hongera sana mdogo wangu, na msimamizi wako Mungu ambariki, mtu anayehamisha mambo kwenye karatasi badala ya kukasirika ni wa kumshika.

Faili: andika siku hiyohiyo, acha nafasi ya sahihi, weka tarehe na saa. Jioni mpigie umweleze kila mgonjwa kwa sentensi mbili, kisha andika kwenye daftari lako kwamba mliongea na alisema nini. Akirudi asome zote, na mgonjwa mmoja kati ya hao mwende naye kitandani akaone kwa macho.

Mtoto mpya wa kulisha: mpokee, chukua historia, mpime uzito ujue kama anapungua, mwelekeze mama kuhusu kumkalisha wima kama nilivyosema, mpe tarehe ya karibu ambayo msimamizi atakuwepo. Akiwa anapumua kwa shida, ana homa au amedhoofika, usimpe tarehe. Mpeleke kwa daktari wa watoto saa hiyohiyo, ukiongozana na mama mwenyewe.