Kwenda na kurudi siku moja kwa treni kutoka Dar, familia ya watu wanne: Morogoro au Pugu?

MamaSegerea:
Wakuu, habari za leo. Tuko watu wazima wawili na watoto wawili, wa miaka 7 na 3. Tunataka kutoka Dar kwa treni Jumamosi, tushinde huko, jioni turudi. Bajeti ni laki moja na ishirini, msosi humohumo. Morogoro inatosha, au nitafute karibu zaidi? Na watu huwa wanakwama wapi?

Reli_Kati:
Inatosha dada. Kwa nauli za SGR, ile reli mpya ya umeme, zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwaka 2024, Dar hadi Morogoro kwa treni ya kawaida ni 13,000 mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, chini ya 4 hana nauli. Kwa hiyo kwenda na kurudi: wakubwa 52,000, huyo wa miaka 7 ni 13,000, jumla 65,000. Unabaki na 55,000. Angalia tu usibonyeze mchongoko, ile treni ya haraka yenye pua iliyochongoka, wakati wa kukata tiketi, ule una nauli yake na iko juu.

Wanaokwama wengi wanakwamia kwenye kurudi. Mtu anakata ya kwenda tu, anafika Moro, treni ya jioni imejaa, anaishia Msamvu kugombania basi. Kata zote mbili kwa mkupuo, na anza kwa kuangalia kama ya kurudi ipo ndipo ulipie ya kwenda. Mtandaoni utajaza majina na namba ya kitambulisho, utapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Namba hiyo ina muda wake. Ukiiacha ikapitwa, viti vinarudi sokoni. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho, maana mlangoni wanalinganisha. Kwa huyo wa miaka 3 beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, mtoto mwenye umbo kubwa huzua maswali.

Fika stesheni mapema sana. Kuna kukaguliwa mizigo kama uwanja wa ndege, na geti linafungwa kabla ya treni kuondoka. Ukiwa kwenye foleni ya ukaguzi geti likafungwa, imekula kwako.

Kihonda_Kwetu:
Niongezee upande wa huku. Stesheni ya SGR Morogoro haiko mjini, iko Kihonda. Bajaji za pale nje hutaja bei ya mgeni, kwa hiyo patana kabla hujapanda, au tembea kidogo utoke eneo la stesheni udake daladala ya mjini.

Sasa mwende wapi na mtoto wa miaka 3? Morningside msiende. Ile nyumba ya Wajerumani iko juu mlimani, kupanda kutoka mjini ni saa mbili hata tatu kwa mtu mzima mwenye pumzi, na masika udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Ikifika mchana wingu nalo limeshakaa, huoni chochote. Kilele cha Bondwa ndiyo kabisa, kiko ndani ya hifadhi na kinataka kibali cha TFS, wakala wa misitu. Nendeni Rock Garden, chini ya mlima: maji yanapita kwenye mawe, kuna kivuli, watoto wanacheza. Chakula nunueni mjini muende nacho.

Mkirudi piteni soko la Chifu Kingalu. Ndizi na viungo vya Uluguru vinashuka pale: mdalasini wa magome, pilipili manga, karafuu. Mdalasini mzuri ukiukunja unakatika kwa mlio na harufu inatoka palepale. Unaojikunja bila kukatika bado una maji, utaota ukungu kabatini. Weka kwenye begi la kawaida, viroba, ndoo na madumu vinaleta ubishi kwenye ukaguzi.

Mkiwa njiani kwenda, kaeni kushoto kama viti vinaruhusu. Milima inatokea upande huo.

Mpanda_Pugu:
Mimi ningewapeleka Pugu mwezi huu, Moro mwezi ujao. Nauli ya SGR hadi Pugu kwenye jedwali lilelile ni 1,000, ila ni treni ya kawaida tu, mchongoko hausimami vituo vidogo. Ile treni ya mjini ya reli ya zamani nayo inafika Pugu, lakini imepangwa kwa watu wa kazini, asubuhi na jioni, haifai kwa matembezi.

Toka stesheni chukueni bajaji hadi msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Kiingilio mnalipa getini. Kuna njia za kutembea na mapango yaliyobaki kwenye uchimbaji wa kaolini, yamejaa popo. Popo wanatoka jua likizama, na hapo ndipo ratiba ya treni inapowaangusha watu. Msiisubiri: pandeni daladala ya Kisarawe hadi Gongo la Mboto, mbadilishe. Viatu vya kufunga, tochi, na ndani ya pango watoto wasiguse kinyesi cha popo. Huyo mdogo abaki nje na mmoja wenu.

MamaSegerea:
Asanteni sana. Kwa huyu mdogo pango hapana, tunaenda Moro. Leo usiku naanza na tiketi ya kurudi.