Taa mbili zinapepesa, mlango umegoma: ninunue bodi au niuze mashine?

MamaSukuma (Kisumu)
Hamjambo wadau. Mashine yangu ya kufua ni ya mlango wa mbele, kilo 7, haina kioo cha namba, ni taa tu. Tangu Jumamosi inajaza maji na kufua vizuri, lakini ikifika kumwaga maji inanguruma dakika kadhaa, kisha kimya. Taa ya kusuuza na ya kukamua zinapepesa, mlango haufunguki, na shuka za watoto zinaelea humo ndani. Fundi ameitazama, anasema bodi, yaani ule ubongo wa umeme wa mashine, imeungua, 13,500 pamoja na kazi. Swali langu ni moja: bodi mpya, bodi ya mtumba, au niiuze ilivyo? Tafadhali msiniambie nifue kwa mkono. Mikono ninayo na kazi yake naijua.

JogooLaMjini
Taa mbili zikipepesa pamoja hizo ni hazadi. Weka pembetatu nyuma ya mashine, majirani wapite polepole.

FundiWaNyuma (Nakuru)
Dada, kabla ya bodi tuanze na taa. Zinapepesa upesi au polepole? Zinafululiza, au zinahesabu, tuseme mara 5, zinatulia, halafu mara 5 tena? Ipo inayowaka tuli? Rekodi dakika moja nzima kwa simu, kisha ukae uhesabu.

Mashine isiyo na kioo huongea kwa taa, na kila kampuni ina lahaja yake. Indesit na Ariston nyingi za zamani, taa zina thamani ya 1, 2, 4 na 8. Unajumlisha zile zinazopepesa: ya 1 na ya 4 ni 5, yaani F05, upande wa kumwaga maji. Zenye kioo hazisumbui sana. LG ikiandika OE maji hayatoki, IE hayaingii, dE ni mlango. Samsung ni 5E au 5C kwa kutoka, 4E au 4C kwa kuingia. Bosch ni E18 kwa kutoka. Ila usichukue orodha ya kampuni moja ukasomea mashine ya nyingine. Hapo ndipo watu hununua vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Kijitabu chako kipo?

BombaLaNjoro
Mimi naona tatizo ni tangi. Valvu ya kuingizia maji kwenye mashine nyingi inataka presha ya angalau baa 0.3 hadi 0.5, zingine zaidi. Kila mita 10 za kimo ni baa 1. Kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya mashine linakupa 0.2, na mashine itangoja maji mpaka ichoke, iwashe taa. Pandisha tangi au weka pampu ndogo ya kusukuma. Halafu chomoa ule mpira wa kuingizia, utakuta kijichujio cha plastiki mdomoni mwa valvu kimejaa mchanga. Toa kwa koleo, osha kwa mswaki, rudisha.

FundiWaNyuma
Mzee, amesema inajaza vizuri.

BombaLaNjoro
Leo inajaza. Kiangazi je?

Mwalimu_Kakamega
Tatizo la nyumba za siku hizi ni kutokagua mifuko. Sarafu, pini za nywele, vijiti vya meno, waya wa sidiria, vyote vinaishia kwenye filta ya pampu, pale chini kulia nyuma ya kifuniko kidogo. Waya wa sidiria ndio mbaya kuliko vyote: hupita kwenye tundu la pipa, ukajipachika kwenye panka ya pampu, na pampu ikanguruma bila kuzunguka. Nguo hizo zina mfuko wake wa wavu. Wazazi wafundishe watoto kugeuza mifuko nje.

MamaSukuma
Mwalimu, mifuko nimegeuza tangu niolewe. FundiWaNyuma, nimerekodi: zote mbili zinapepesa pamoja, polepole, kama mara moja kwa sekunde, hazihesabu. Ile ya kufuli inawaka tuli. Kijitabu kilibaki Nakuru tulipohama. Filta sijafungua kwa sababu niko gorofa ya tatu na maji yakimwagika yatashuka kwa jirani wa chini, na huyo hatuongei. Lakini mbona tunazunguka? Bodi mpya au ya mtumba?

FundiWaNyuma
Kufuli kuwaka tuli hakumaanishi kwamba mlango umeharibika. Swichi ya presha bado inaona maji kwenye pipa, kwa hiyo mashine inakataa kukufungulia usije ukaoga. Inanguruma dakika kadhaa, maji hayashuki, muda unaisha, inasimama na kupepesa. Kwa hesabu yangu hizo dalili tatu ni ugonjwa mmoja: maji hayatoki.

Uyatoe bila mafuriko. Chomoa kwenye soketi, funga bomba, na kama ulifua kwa moto ngoja yapoe. Tandaza taulo kuukuu, weka sinia pana chini ya kifuniko cha filta. Ukiona kimpira chembamba kando ya filta, kivute nje, toa kizibo, maji yaingie kwenye sinia, yakijaa rudisha kizibo, mwaga, rudia. Kama hakipo, legeza filta kinyume cha saa, robo mzunguko tu, ikaze tena sinia likijaa. Usiifungue yote kwa pupa. Tegemea lita 10 au zaidi, hivyo ni safari nyingi za sinia.

Maji yakiisha toa filta, mulika ndani kwa tochi, zungusha panka kwa kidole. Itakwenda kwa kukwamakwama, kama inanaswa na kuachiwa. Hiyo ni sumaku, ni kawaida. Isipogeuka kabisa, au ikigeuka kwa ulaini bila kunaswa popote, niambie. Mlango nao, ukishachomoa, ngoja dakika 3 hivi kufuli lipoe, utasikia "ta". Baadhi ya mashine zina kamba ndogo ya dharura nyuma ya kifuniko cha filta.

StimaKondele
Na kuhusu bodi, huyo fundi alipima nini? Bodi inayojaza maji, inazungusha pipa, inakamata hitilafu na kuwasha taa sahihi, sehemu yake kubwa ni nzima. Inaweza kufa kile kipande kinachopeleka umeme kwa pampu pekee, lakini hilo linajulikana kwa mita, halijulikani kwa kutazama.

Mashine ikiwa imechomolewa, vuta plagi ya pampu, pima pini zake mbili. Pampu nyingi za aina hii husoma kati ya omu 100 na 200. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, nunua pampu. Ikisoma vizuri, rudisha, washa programu ya kumwaga maji, upime volti palepale kwenye pini. Ukiona 240 na panka haiendi, pampu imekwama. Ukiona sifuri, fuata waya hadi kwenye bodi, na hapo ndipo bodi inaposhtakiwa. Kipimo hiki cha pili kina stima hai karibu na maji. Asiyezoea amwachie fundi, asimame kando na aone namba kwa macho yake.

Halafu kuna jambo. Umesema inanguruma. Pampu inayonguruma imeletewa stima. Nani kaileta kama si bodi?

JogooLaMjini
Labda imeletewa na M-Pesa.

FundiWaNyuma
Dada, hujatuambia Jumamosi kulibadilika nini. Mashine haiamki tu ikakataa. Na mpira wa maji machafu unaishia wapi, kimo gani kutoka sakafuni?

MamaSukuma
Hakuna kilichobadilika. Mpira uko sawa.

FundiWaNyuma
"Sawa" ni sentimita ngapi?

StimaKondele
Tepu haidanganyi dada. Pima.

MamaSukuma
Haya. Ijumaa jioni nimeuondoa kwenye bomba la sinki, nikaunganisha kipande cha mita 3, nikaupitisha juu ya dirisha la jikoni. Ni sentimita 175 kutoka sakafuni. Unatoka nje kwenye magunia yangu ya sukuma. Maji haya ninayalipia na bei ya mboga mnaijua, kwa nini niyamwage? Na haiwezi kuwa ndiyo sababu, maana mzunguko wa kwanza Ijumaa usiku ulimwaga vizuri, sukuma zikalowa. Fundi aliona mpira na hakusema kitu.

Jambo lingine, bodi nimeshalipia karibu nusu, 6,000. Fundi ni binamu wa mume wangu. Nikisema siitaki itakuwa kesi ya ukoo mzima. Ndiyo maana niliuliza bodi gani, sikuuliza mengine.

FundiWaNyuma
Sasa tumefika. Vijitabu vingi vinataka mdomo wa huo mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Pampu yenyewe ni ya wati 30 hivi, si ya kisima. Umeipandishia karibu mara mbili ya kimo chake, ukaongeza mita 3 za msuguano na kiungo katikati. Mzunguko wa kwanza ulipita kwa tabu kwa sababu filta ilikuwa nafuu kidogo na mpira haukuwa na mkunjo. Nyuzi zikiongezeka kidogo tu, nguvu haitoshi tena.

Na hata yakitoka, pampu ikisimama yale yaliyo kwenye kipande cha mpira kinachopanda yanarudi. Mpira wenye uwazi wa sentimita 2, urefu wa mita 1.75, unabeba nusu lita na kidogo. Yanarudi kila mara, na maji machafu ya kufulia yanaingia kwenye maji ya kusuuza. Angalia shuka zako kama hazinuki sabuni.

BombaLaNjoro
Na sukuma zenyewe zitaungua. Sabuni ya unga ina chumvi nyingi, udongo wa gunia hauna pa kuipeleka. Ukitia jiki ndiyo kabisa. Maji ya suuza ya mwisho tu ndiyo ya kumwagilia, tena yachanganye na maji safi.

MsomaNyota_KSM
Ngojeni kwanza. Huu uzi una harufu. Mtu yuko gorofa ya tatu, ana bustani ya sukuma nje ya dirisha la jikoni? Inaning'inia hewani? Binamu ndiye fundi, bei ya bodi imetajwa mara ya kwanza kabla hata ya jina la hitilafu, na kila akiulizwa anarudi "bodi mpya au ya mtumba". Subirini, ukurasa wa pili ataingia mtu kusema "mimi ninazo, inbox". Hii ni biashara ya bodi imevaa kanga.

JogooLaMjini
Babeli ilikuwa na bustani za kuning'inia, Kisumu ishindwe?

Mwalimu_Kakamega
Nami nilishangaa. Jina lenyewe MamaSukuma. Uongo una miguu mifupi.

StimaKondele
Hata kama ni hadithi, pampu iliyopandishiwa sentimita 175 ina tabia hiyohiyo. Lakini dada, tuwekee picha.

MamaSukuma
Picha nimeweka mbili, tazameni. Nje ya jikoni kuna baraza ya nyuma ya kuanikia nguo. Magunia manne ya kilo 90, udongo na samadi, katikati ya kila gunia nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, miche imetobolewa pembeni. Dirisha lina vyuma, linafunguka kipande cha juu tu, ndiyo maana mpira umepita juu. Na bodi siuzi, MsomaNyota. Ninayo ya kununua nisiyoitaka. Unaitaka?

MsomaNyota_KSM
Magunia nimeyaona. Nimenyamaza. Ila ule mpira umefungwa kwa mpira wa baiskeli, hata mimi nisiye fundi nimeuona.

FundiWaNyuma
Ahsante kwa picha. Toa hicho kipande cha mita 3 chote. Mdomo wa mpira wa asili uweke kwenye ndoo juu ya stuli, kama sentimita 70. Usiuzamishe ndani ya maji ya ndoo, utajivutia wenyewe na kunyonya pipa lote wakati wa kufua. Ning'iniza juu ya ukingo, ufunge kwa kamba. Ukishasafisha filta, washa programu ya kukamua pekee, na uwe na ndoo ya pili tayari.

MamaSukuma
Nimefanya. Nimetoa sinia 9. Kwenye filta kulikuwa na bonge la nyuzi la kukaa ganjani, kifungo kimoja cha sare ya shule, na, Mwalimu, pini ya nywele moja. Panka imegeuka kwa kukwamakwama. Mlango ulisema "ta" dakika ya pili. Nimeweka mpira kwenye ndoo, nikawasha kukamua: yamemwagika kwa kasi mpaka yakanirukia. Taa zimezima zote.

Ila sasa chini ya kifuniko kuna matone, moja moja.

FundiWaNyuma
Chomoa tena. Toa filta, pangusa ile raba nyeusi ya duara na mahali inapokaa. Uzi mmoja wa soksi unatosha kuvujisha. Rudisha ikiwa imenyooka kwenye hesi zake, kaza kwa mkono mpaka mshikio usimame wima, usitumie koleo. Kisha mwaga lita 2 za maji kwenye droo ya sabuni, ngoja dakika 10 utazame.

StimaKondele
Na binamu mwambie akuonyeshe volti sifuri kwenye pini za pampu. Akikuonyesha, bodi ni halali yake.

MamaSukuma
Pamekauka. Binamu anasema bodi iko njiani kutoka Nairobi, tutaongea Jumapili baada ya kanisa, mume wangu akiwepo.

Sasa nieleze mtu, maji ya suuza ya mwisho yakiwa kwenye ndoo, nayapandishaje juu ya magunia bila kuyabeba?

BombaLaNjoro
Hilo ndilo swali nililokuwa nangoja tangu asubuhi. Magunia yako yana kimo gani?