Naomba ushauri: Ukuti wa Tanga, wa Mwanza na wa Kilifi, niwafundishe watoto upi?

Mwalimu wa Awali (mwanzilishi wa uzi)
Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu. Ninafundisha darasa la awali jijini Mwanza, ingawa nimezaliwa na kukulia Tanga. Shule yetu inaandaa siku ya wazazi, na darasa langu limepangiwa kucheza Ukuti, ule mchezo wa watoto wa kuimba katika duara. Maneno hayana mgogoro, kwa kuwa kila mtoto anayajua: «Ukuti ukuti, wa mnazi wa mnazi, ukipata upepo, watete watete, watetemeka.» Mgogoro uko kwenye uchezaji. Kwetu Tanga tulishikana mikono, tukazunguka hadi neno la mwisho, kisha wote tukachuchumaa kwa mkupuo, na aliyechelewa kushuka akatoka nje ya duara. Mwalimu mwenzangu, ambaye amekulia hapa Mwanza, anasema wao waliachiana mikono mara tu upepo ulipotajwa, kila mmoja akasimama mahali pake na kujitikisa, wala hakuna aliyetolewa. Tena tunao watoto wawili waliohamia kutoka Kilifi, Kenya, ambao hutikisa kiuno, na wenzao wameanza kuwaiga kwa furaha kubwa, jambo ambalo baadhi ya wazazi wamekwisha kuniambia kwamba hawataki kuliona jukwaani. Je, nichague namna moja na kuwalazimisha wote waifuate, au ipo njia nyingine? Na je, kumtoa mtoto mchezoni mbele ya wazazi wake kunafaa?

Kuti la Pangani
Mwalimu, nianze na hilo la kushuka chini. Huku kwetu tunaanguka kwa sababu tunacheza mchangani, na mtoto anayejibwaga chini kwenye mchanga huinuka akicheka. Ukiuhamishia mchezo huohuo kwenye uwanja wa saruji au ardhi yenye mawe kama ilivyo sehemu kubwa ya Mwanza, utapata magoti yaliyochubuka kabla ya ubeti wa tatu. Sishangai kwamba watoto wa huko walizoea kutetemeka wakiwa wima. Kuhusu kutoa watoto, mchezo wa jioni uani una muda wa kutosha, kwa hiyo aliyetolewa husubiri kidogo tu na kurudi duru inapoanza upya. Jukwaani mtapewa dakika chache, na mzazi aliyefunga duka lake ili aje kumtazama mwanawe hatafurahi kumwona amekaa pembeni tangu mwanzo. Wachuchumae wote pole pole, asitolewe mtu.

Mzazi wa Nyamagana
Mimi ni miongoni mwa wazazi ambao hawapendi mauno kwenye shughuli za shule. Sisemi kwamba watoto wana nia mbaya. Ninachosema ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu mkononi, na mtoto wa miaka mitano akirekodiwa akikata kiuno, picha hiyo itasambazwa na watu wasioujua mchezo wenyewe, nao wataiandikia maneno yao. Mwalimu asilipuuze jambo hili.

Mpwani wa Kilifi
Hofu ya simu naielewa, mzazi mwenzangu, lakini naomba watoto wetu wasihesabiwe kuwa wamekosa adabu. Kwa Wagiriama, mwanamke huvaa hando, sketi yenye marinda mengi, na katika ngoma uzuri wa hando huonekana pale kiuno kinapotikisika na marinda yakafuata. Mtoto wa kike hukua akiwatazama mama na nyanya yake wakicheza hivyo hadharani, arusini na penginepo, mbele ya wazee wenye heshima zao. Anapoambiwa «watetemeka», mwili wake hutetemeka kwa namna aliyoiona nyumbani. Nadhani hata huko Mwanza ni hivyo hivyo: mtoto aliyezoea kuwatazama watu wazima wakicheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na majembe yao hutetemeka kwa mabega na mikono kwa sababu ndiko macho yake yalikozoea kuona kazi ya ngoma. Wimbo ni mmoja, ila miili imelelewa na ngoma tofauti.

Mwimbishaji
Nimefundisha muziki shuleni kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijaguswa. Tazameni jinsi maneno yalivyopangwa: «ukuti» mara mbili, «wa mnazi» mara mbili, «watete» mara mbili. Marudio hayo yanakubali kugawanywa kati ya mwimbishaji mmoja na kundi, yeye akitangulia na wenzake wakipokea. Kwenye «ukipata upepo» hakuna marudio, kwa hiyo hapo kundi humalizia sentensi aliyoianza mwimbishaji, au wote huimba pamoja, na duara zima hupata nafasi ya kujiandaa. Kisha «watete watete» hukatwa njiani, na ni katika kukatwa huko ndipo mtetemeko unapoanza kupanda kabla neno halijatimia. Mtoto anayesubiri hadi «watetemeka» ndipo ajitikise amechelewa, awe wa Tanga au wa Mwanza.

Mikono pia ina maana yake. Duara lililoshikana mikono hutetemeka kwa kuambukizana, kwa kuwa mmoja akitikisa mkono, jirani yake hutikisika hata kama hakutaka, ilhali mikono ikiachwa kila mtoto hutetemeka peke yake na tofauti za kila mmoja huonekana wazi. Kwa sababu hiyo, Mwalimu, sikushauri uchague namna moja. Mzunguko wa kwanza washikane na wachuchumae kama Tanga, wa pili waachiane na kila mtoto atetemeke kama alivyozoea, na wa tatu uende mbio kuliko yote. Katika mzunguko wa pili hutahitaji kumfundisha mtu chochote.

Mwalimu wa Mombasa
Nakubaliana na Mwimbishaji, ila nina tahadhari moja. Hapa Kenya michezo ya watoto ya kuimba hushindanishwa katika tamasha la kitaifa la muziki wa shule, na matokeo yake ni kwamba walimu wengi tumezoea kulifungua duara liwe nusu duara ili waamuzi waone nyuso. Inapendeza kwa macho, lakini watoto huacha kutazamana na huanza kumtafuta mtazamaji, na mchezo hupooza. Kama ukumbi wenu unaruhusu, wazazi wakae kuwazunguka watoto, duara libaki duara.

Mwalimu wa Awali
Ninawashukuru sana. Tutachezea uwanjani, si ukumbini, hivyo viti vinaweza kuzungushwa. Nitafuata mpango wa mizunguko mitatu, hakuna atakayetolewa, na nitauomba uongozi uwatake wageni wasirekodi wakati watoto wakicheza. Limebaki jambo moja. Watoto wengi wa darasa langu hawajawahi kuuona mnazi, nao wanapotetemeka wanafanana na mtu mwenye homa.

Kuti la Pangani
Waonyeshe video ya mnazi wakati wa upepo wa kusi. Waambie watazame kwamba upongoo, ule uti wa katikati ya kuti, huyumba taratibu tu, na kinachotetemeka hasa ni majani membamba yaliyo kandokando yake. Kwa hiyo mwili na uyumbe, vidole ndivyo vitetemeke. Mtoto akilishika hilo, hata mzozo wa kiuno utapungua wenyewe.

Mpwani wa Kilifi
Wa kwetu wawili utawaona wakiyumba na kutetemeka vyote kwa pamoja, nawe waache. Wafunge kanga kiunoni juu ya sare ya shule, wasichana kwa wavulana, ili hata anayetikisa asionekane tofauti na mwenzake.