Niko Moshi, nataka kuanza kuvua samaki kwa mkuki, naanzia wapi?

Kibosho_Kwetu:
Wakuu habari za jioni. Kuvua kwa kupiga mbizi na mkuki ni kitu kimenikaa rohoni muda mrefu na sasa nimeamua nianze. Naishi Moshi, wikiendi niko huru, na nina ndugu Tanga mjini kwahiyo malazi siyo shida. Kuogelea najua, bwawani nakwenda vizuri tu. Mlima pia nimepanda mpaka Uhuru kwahiyo naamini pumzi ninayo. Naomba mnielekeze ninunue nini kwanza, bunduki ya samaki au ule mkuki unaorushwa kwa mpira, na mazoezi nifanyie wapi huku huku kabla sijashuka pwani, maana kuna jamaa ananiambia twende Ziwa Chala au Chemka.

Dada_Mapezi:
Karibu kaka. Hela ya bunduki iweke pembeni kwanza, nunua maski. Iwe ile inayofunika na pua, siyo vile vimiwani vya kuogelea, maana ukishuka presha inavikandamiza machoni na huna namna ya kupuliza hewa iingie, lakini yenye pua unapuliza kidogo tu puani inakaa sawa. Kujua kama inakufaa ibandike usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua uachie mikono, ikibaki imeng'ang'ania hiyo ni yako. Mrija wa kupumulia chukua wa kawaida usio na mbwembwe, halafu mapezi ya miguuni.

Mkanda wa risasi, ule wa vipande vya madini ya risasi vya kukuongezea uzito uzame, utakuja baadae, na uwe unafunguka kwa mkono mmoja, ukipata shida unauachia uende chini hata kama ulikuwa wa bei mbaya. Uzito utakaoupima bwawani Moshi hautafanana na wa Tanga kwa sababu maji ya chumvi yanakuelesha zaidi. Ila usijizidishie, ukiwa juu umetoa pumzi bado inatakiwa uelee.

Njiro_Mbizi:
Mimi naomba nikae hapo kwenye pumzi na mlima, maana hapo ndipo watu wanapofia na ni watu wazima wanaojua kuogelea kabisa.

Mkuu, ile hamu kali ya kuvuta hewa ukiwa umebana pumzi haiji kwa sababu oksijeni imeisha, inakuja kwa sababu kabonidayoksaidi imejaa mwilini. Sasa kuna watu kabla ya kuzama wanahema haraka haraka kwa nguvu wakidhani wanajaza oksijeni, kumbe damu ilikuwa imeshabeba karibu yote inayoweza kubeba, wanachofanya ni kuipunguza ile kabonidayoksaidi, yaani wamezima kengele halafu wakalala. Wakiwa chini hawasikii shida yoyote. Mita 10 tu presha ni mara mbili ya huku juu, mapafu yamebanwa yakawa nusu, oksijeni iliyobaki inasukumwa kwenye damu na unajisikia uko poa kabisa. Ukianza kupanda presha inaachia, oksijeni kwenye mapafu inaporomoka, na zile mita za mwisho unazima, yaani unapoteza fahamu, ghafla bila dalili. Wengine wanazima wakiwa wameshatoa kichwa nje. Kwahiyo kabla ya kuzama pumua taratibu kama mtu aliyekaa kibarazani, tulia, vuta moja ya kushiba, nenda. Uhuru ulifika kwa kuhema sana, huku tunatafuta utulivu, ni mazoezi mengine kabisa.

Na usizamie peke yako. Hata bwawani, hata kina cha kifuani. Mnakuwa wawili, mmoja akienda chini mwingine yuko juu anamtazama, siyo kila mtu anafukuza samaki wake. Akitoka unaendelea kumwangalia nusu dakika nzima ndipo uamini yuko salama. Mlinzi wa bwawa aliyekaa pembeni na simu hahesabiki. Muda wa kupumzika juu usipungue mara mbili ya ule uliokaa chini. Mwenzio akizima mgeuze uso juu, mdomo uwe nje ya maji, toa maski, mpulizie hewa usoni huku unamwita jina, asipoanza kupumua mpe pumzi mdomo kwa mdomo na piga kelele ya msaada.

Tafuta patna kwanza. Kama huna, subiri.

Mzee_wa_Bamvua:
Kijana mimi ni mtu wa Pangani, sasa niko Arusha. Chala usiende, yule jamaa yako mkatalie. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba pale pale Chala. Nyumba ya Mungu nako mamba wapo na maji huoni kitu. Chemka maji yanaangaza na ni pazuri kuzoea maski na mrija, nenda siku ya kazi asubuhi kabla watu hawajaanza kujirusha kwenye kamba, na mkuki uache nyumbani.

Kuhusu zana, usinunue bunduki kabla hujafika kwa afisa uvuvi wa wilaya unakotaka kuvua, umuulize habari ya leseni na zana gani inaruhusiwa, pia ongea na wavuvi wa pale ufukweni maana wao ndio wenye eneo. Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi tengefu, huvui hata kidogo. Tanga kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ina taratibu zake. Na mkipitia Horohoro kwenda Kenya msibebe bunduki ya samaki, kule imekatazwa. Siku ukiruhusiwa kushika chochote chenye mpira, unaukaza ukiwa ndani ya maji tu na unauachia kabla hujapanda mashuani. Maji yakiwa na tope usipige, huwezi kujua nani yuko nyuma ya samaki.

Sasa bahari. Mto Pangani maji yake yanatoka huko huko kwenu, Kilimanjaro na Meru, kwahiyo masika ikipiga sana huku ujue Pangani mdomoni tope limejaa na safari haina faida. Novemba mpaka Machi bahari kwa jumla ina nafuu kuliko wakati wa upepo wa kusi. Angalia mwezi pia: mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakimbia mno, wewe unayeanza nenda maji mafu, mwezi ukiwa nusu, uingie yakiwa yamejaa na kusimama.

Samaki wa kuanzia ni changu na tasi. Pono waache, wanasafisha mwani kwenye matumbawe. Chewa mkubwa naye mwache, wengi wao huanza jike ndipo wanageuka dume, ukiwamaliza wakubwa umeacha mwamba hauna madume. Mkono usiingize shimoni, mkunga anang'ata.

Kibosho_Kwetu:
Asanteni sana, shikamoo mzee. Chala nimeifuta. Swali moja, bwawani nikifika chini upande wa kina masikio yanauma sana, hiyo inazoeleka?

Dada_Mapezi:
Haizoeleki kaka, usivumilie maumivu. Bana pua, puliza taratibu masikio yazibuke, anza mapema kabisa kabla hayajauma na rudia kila unaposhuka kidogo. Yakigoma panda juu, siku hiyo basi. Na ukiwa na mafua usizame kabisa, hii baridi ya Juni na Julai huku kwetu inatufungia watu wengi.

Njiro_Mbizi:
Patna kama bado hujapata, mimi Jumamosi asubuhi nashuka Moshi kufanya mazoezi bwawani YMCA. Nitumie ujumbe tuanze na kuokoana kwanza, mbizi baadae.