Mita 60 ni za sisi walalahoi tu? Hoteli inajenga hadi ndani ya maji!

Wakuu, salaam. Leo nimejaa hadi kooni, mnivumilie.

Kiwanja kina hati tangu 1994, kimepimwa, bikoni za mipaka zipo (ile ya upande wa bahari siku hizi inaogelea). Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilinivunjia uzio na chumba kimoja. Naomba kibali cha kukarabati, naambiwa niko ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ambako hairuhusiwi kujenga, kifungu cha 57, Sheria ya Mazingira ya 2004. Haya. Afisa wa kwanza alipima kuanzia kwenye majani, wa pili akaanzia yanapoishia maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, wa tatu hata utepe hakutoa, alikodoa macho tu akaandika. Nikaachiwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Jamani, nilipojenga bahari ilikuwa kule! Ni yenyewe iliyonifuata.

Sasa tazama kusini kwangu. Hoteli imeshusha ukuta wa zege mpaka maji yanapokupwa, na mikoko ya mlango wa kijito imefyekwa ili wageni waone bahari vizuri. Wao kibali kimetoka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma mchanga husafiri kuelekea kaskazini, yaani kuja kwangu. Ukuta ule unauzuia, na wimbi likiugonga linarudi na kuchimba pale ukuta unapoishia. Pale ni uani kwangu! Wazee wa Kunduchi wameona Hoteli ya Africana ikiliwa na bahari, hili si jambo geni kwa mtaalamu yeyote.

Sheria hiyohiyo inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Mimi jirani wa kupakana sikuitwa hata kunywa soda. Nilipoomba kuiona ripoti nikajibiwa, "Mzee, hiyo ni ya mwekezaji." Mwingine akaniliwaza eti vimbunga huku havifiki. Lindi 1952 walipigwa na nini, upepo wa feni? Na Hidaya ilipotua Mafia, barabara ya Lindi pale Somanga ilikatwa na nani?

Sikatai sheria. Nivunjieni, lakini anzeni na ule ukuta.

Kuna aliyewahi kupewa jibu la maandishi kwamba mita 60 zinaanza kuhesabiwa wapi? Mwanasheria wa mambo ya ardhi na mazingira anitafute faragha, nina picha na barua zote.