Mwalimu wa miaka 36 nataka kusoma MD (digrii ya udaktari), niombe vyuo gani?

madam_kemia
Habari zenu wakuu, samahanini kwa uzi mrefu ila nikifupisha najua mtaniuliza vitu vile vile. Mi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoa wa Morogoro, nafundisha kemia na baiolojia, mwaka wa kumi na mbili huu. Fomu sikisi nilimaliza 2008, PCB, nikapata kemia C, baiolojia C, fizikia D. Mwaka ule niliomba udaktari nikakosa nikaangukia ualimu, basi nikasema ndo riziki yangu, nikaolewa, nikazaa, maisha yakaenda.

Sasa mwaka jana mama alilazwa, na kijana wa intern (daktari aliye mafunzoni) aliyekuja kumwangalia asubuhi akanisalimia "shikamoo madam", kumbe nilimfundisha mimi mwenyewe fomu foo, nilishawahi kumchapa kwa kutofanya kazi ya moles. Akanifungulia faili la mama akanielezea figo zikoje na kwa nini wamebadilisha dawa, na mimi naelewa kila kitu anachosema, nikajikuta nina wivu. Sio wivu wa kumwombea mabaya, ila wivu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nina miaka 36, mume fundi umeme, watoto wawili, mdogo yuko la pili. Bodi ya mikopo bado wananikata ile asilimia 15 ya digrii ya kwanza na benki wananidai miaka miwili mbele. Nina kiwanja maeneo ya Nane Nane ambacho mume amekubali tuuze ikibidi. Nimeorodhesha Muhimbili, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Mbeya, Bugando (Mwanza), KCMC (Moshi), Kairuki (Dar) na Ifakara. Sitaki kutupa hela ya maombi kila mahali kama nabeti. Kwa mtu wa hali yangu mngeomba wapi na kwa nini? Na tafadhali kama una neno la kunikatisha tamaa, mama mkwe wangu ameshalisema.

Mzee_wa_Kitonga
Madam ukimaliza utakuwa babu yao hao ma intern hahaha. Nafasi waachie watoto. Kiwanja usiuze, jenga.

madam_kemia
Bibi yao, sio babu. Asante, nimekuweka fungu moja na mama mkwe.

mwaka_wa_tano
Madam karibu, mi niko mwaka wa mwisho na niliingia nikiwa na 33 nimetokea benki, kwa hiyo naongea nilichopitia. Kwanza niseme kigezo unacho, TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka principal pass (ufaulu kamili wa fomu sikisi) tatu za fizikia, kemia na baiolojia, angalau D kila moja, jumla pointi 6, na wewe una 8 kwa hesabu za zamani C ni 3 na D ni 2. Uliyemaliza 2008 una bahati hapo, maana waliomaliza 2014 na 2015 enzi za B+ kwao C ni pointi 2 na D ni 1, kuna jamaa yangu anashangaa mpaka leo kwa nini D zake tatu hazimpeleki popote.

Ila kigezo na kuchaguliwa ni vitu viwili tofauti, hapa ndo watu wazima wengi tunajidanganya. Pointi 6 ni mlango wa kuombea tu, ndani wanapanga waombaji kwa ufaulu na wewe na C zako mbili utakuwa foleni moja na mtoto wa juzi mwenye A tatu. Hawaangalii kwamba umefundisha miaka 12, hakuna sehemu ya kuandika barua ya kujieleza wala usaili, ni matokeo. Kwa hiyo Muhimbili kwa pointi 8 mimi nisingeweka matumaini yangu pale, omba kama una hela ya fomu inayokuwasha mfukoni lakini usiipange kama ndo safari.

La pili na kubwa kuliko yote ni NANI ANALIPA. Sahau bodi. Kwanza mwongozo wao unataka muombaji asizidi miaka 35, pili uwe umemaliza sikisi au diploma ndani ya miaka mitano, tatu usiwe na ajira, nne wewe wa digrii ya kwanza bado unalipa. Umegonga mwamba pande zote nne. Kwa hiyo orodha yako igawe upya, sio chuo kizuri na chuo kibaya, igawe kwa chuo utakachoweza kulipa mpaka mwaka wa tano bila kukatikia njiani. Vya serikali (Muhimbili, UDOM, Mbeya ambayo iko chini ya UDSM, na SUZA kule Zanzibar hujaitaja) ada yake ni ndogo, vya binafsi na vya makanisa unaweza kulipa mara tatu mpaka nne ya hiyo. Kiwanja cha Nane Nane kitalipa mwaka mmoja miwili, halafu? Nimeona mtu anazuiwa mtihani kwa ada akiwa mwaka wa nne, mama mwenye watoto watatu, inauma kuangalia.

tabibu_wa_bush
Naunga mkono hapo juu. Mi ni CO (afisa tabibu) niko kituo cha afya, naongezea kwa wengine wanaosoma huu uzi ambao sio madam. Kama advansi hukusoma PCB au fizikia ilikutupa, CBG (kemia, baiolojia, jiografia) haikupeleki MD, njia iliyobaki ni kurisiti hiyo fizikia kama private candidate au kupitia diploma ya clinical medicine miaka mitatu. Hii ya diploma wanataka GPA ya 3.0 na WANARUDI kuangalia olevo, D ya fizikia, kemia, baiolojia, kingereza na HESABU. Wenzangu wawili GPA wanazo nzuri kuliko yangu lakini hesabu za fomu foo walipata F, saa hizi mmoja ana miaka 38 yuko tuisheni ya hesabu na watoto wa fomu tuu. Usicheke, na mimi nitamfuata.

Ila kwa madam diploma ni kupoteza muda, una PCB iliyokamilika, usizunguke.

mwaka_wa_tano
Nimesahau la umri. Piga hesabu. Ukianza na 36, miaka mitano una 41, intanshipu mwaka mmoja una 42. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema umri usizidi 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Uko ndani ya mstari lakini huna miaka ya kuchezea, ukirudia mwaka mara moja na ukasubiri ajira kidogo umeshafika. Ndo maana USIACHE KAZI kienyeji. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ipitie kwa mkuu wa shule, afisa elimu, ifike kwa mkurugenzi, na usiondoke mpaka umeshika majibu ya maandishi. Wanaweza kukuambia udaktari hauendani na kada yako na mshahara usimame, sawa, bora likizo bila malipo kuliko kuitwa mtoro na ukapoteza namba yako ya utumishi. Ukirudi na MD unaomba kubadilishiwa kada ukiwa bado mtumishi.

Wanjiku_wa_Thika
Jameni mko na bahati, huku kwetu Kenya MBChB (hiyo digrii ya udaktari) ni miaka sita kwa public kama UoN (Nairobi), na ukienda self-sponsored hiyo fees utauza shamba ya guka (babu) na bado haitoshi. Madam jaribu tu, miaka mitano si mingi.

Chausiku_wa_Reli
Mimi sio wa afya, ni mama niliyesoma ukubwani (sheria) nikiwa na watoto, nataka nikuulize kitu hawa vijana hawajakuuliza. Watoto watalala wapi? Maana mwaka wa kwanza na wa pili ni darasani, unaweza kujifungia na vitabu, lakini mdogo wangu alisoma udaktari, kuanzia wa tatu walipoanza kuzunguka wodini, sijui upasuaji sijui wazazi sijui watoto, alikuwa anatoka asubuhi na mapema na zamu za usiku juu, hata simu hapokei. Sasa Mwanza na Moshi ni mbali na Morogoro, mtoto akiugua usiku wewe uko Bugando, utafanyaje? Umesema mume fundi, kazi ya fundi inahamishika, wewe uliza kwanza hilo kabla ya ada.

Na watu wanadhani Ifakara ndo karibu kwa kuwa ni mkoa wenu. Kufika kule ni basi kupitia Mikumi na Kidatu, siku imeisha. Wakati Dodoma sasa hivi SGR unapanda Morogoro au Kilosa kabla hujamaliza karanga zako umefika. Ijumaa unarudi kufua sare, Jumapili unaondoka.

madam_kemia
Dada Chausiku umenigusa. Hilo la SGR sikuliwaza kabisa, mi nilikuwa natazama majina ya vyuo kama natazama matokeo ya mpira. Na kweli mume kazi anaweza kupata Dodoma, majengo hayaishi kule.

Mwaka_wa_tano, naomba kuuliza kitu cha aibu kidogo. Kichwa bado kinashika? Mi nafundisha ndio lakini ni moles zile zile kila mwaka.

mwaka_wa_tano
Sio aibu. Anatomia itakutesa, usidanganywe na mtu. Wale watoto wanasoma jina la mshipa mara mbili limekaa, mimi nilikuwa naandika kwenye karatasi nabandika chooni nyumbani mpaka mke wangu akajua mishipa ya mkono. Nilibeba sapu mbili (mitihani ya kurudia) mwaka wa kwanza, sikudisko (sikuondolewa chuo), nikajifunza kwamba sisi wazee hatuwezi kukariri usiku wa mtihani, tusome kidogo kidogo kila siku. Baiokemia wewe utawapita. Halafu ukifika wodini mambo yanageuka, mgonjwa anamwamini mtu mzima, kuchukua historia ya mama wa miaka 60 wewe utapata kwa dakika kumi kitu ambacho mtoto wa 22 hapati nusu saa kwa sababu mama anaona haya.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, UDOM ya kwanza (wodini wanatumia na hospitali ya Benjamin Mkapa pale pale), Mbeya ya pili, SUZA kama baharini hakukuogopeshi, halafu ya binafsi moja tu ya kujikinga ambayo umeshakaa na mume mkapiga hesabu ya miaka mitano yote kwa kalamu, Ifakara au Kairuki. Kairuki iko Mikocheni, kupanga nyumba pale nayo ni ada ya pili. Bugando na KCMC ni vyuo vizuri sana na hospitali zao zina wagonjwa wa kila aina, ila kwa sababu za watoto ningeviacha. Na maombi unaomba chuo chenyewe mtandaoni, TCU haipokei siku hizi, dirisha hufunguliwa matokeo ya sikisi yakishatoka, mwezi wa saba hivi. Awamu ya kwanza ukikosa usilie, subiri awamu ya pili, kuna watu wanachaguliwa vyuo viwili vitatu wanathibitisha kimoja na zile nafasi nyingine zinarudi. Mimi mwenyewe niliingia kwa nafasi ya mtu.

madam_kemia
Asanteni sana, hata wewe Mzee wa Kitonga. Nimeamua UDOM, Mbeya na Ifakara, tatu basi, na barua kwa mkurugenzi naandika wikiendi hii. Tatizo jipya: vyeti vyangu vina jina la baba na NIDA ina jina la mume, na cheti cha fomu foo kiko Tanga kwa mama ndani ya sanduku.

tabibu_wa_bush
Omba kwa majina ya kwenye cheti kama yalivyo, namba ya mtihani ndo wanayoitafuta. Hayo majina mawili nenda kwa wakili akuandikie deed poll (hati ya kisheria ya majina) mapema, usisubiri siku ya usajili. Na cheti kifuate mwenyewe, usitume kwa basi.

madam_kemia
Jumamosi naenda Tanga.